Kiswahili Hakishindwi na Mitambo

Wako watu wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya soko, ya hadithi na ya siasa, bali mitambo haielezeki kwayo. Husema hivyo mbele ya wanafunzi, na baadhi yao ni walimu wenzangu. Msomaji, nataka kushindana nao, na silaha yangu ni kisanduku kidogo ambacho yamkini kimo sebuleni kwenu.

Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani ya televisheni, Dar es Salaam ikitangulia. Kenya ilifuata mwaka 2015. Aliyetaka kuona picha katika seti yake ya zamani alilazimika kununua kisanduku. Nilikuwa mwalimu mpya wakati huo, na mama mmoja mzee, jirani yetu huku Nyamira, akaniuliza kisanduku kile kinafanya kazi gani. Nilimmiminia maneno ya Kiingereza niliyoyasoma kwenye katoni. Alinisikiliza hata mwisho, akasema, "Mwalimu, sikukuuliza Wazungu wanakiitaje. Nimekuuliza kazi yake." Sikuwa na jibu. Majina nilikuwa nayo, maana sikuwa nayo.

Na jibu lilikuwa ndani ya jina lake la Kiswahili. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika. King'amuzi ni chombo kifanyacho kazi hiyo. Picha ya televisheni haitufikii ikiwa picha. Huja imefumbwa kwa tarakimu, sifuri na moja, nacho king'amuzi huifumbua. Wataalamu wametupa pia kusimba na kusimbua. Itazame miisho ya maneno hayo. Mtoto ajuaye funga na fungua, ziba na zibua, hana haja ya kuambiwa kwamba la pili hutangua kazi ya la kwanza. Sarufi imekwisha kumwambia.

Twende kwenye lililo gumu zaidi, maana wapinzani wangu hukimbilia huko. Picha za televisheni yetu hupita 25 kwa sekunde moja, na zikitumwa zote kamili, masafa ya hewani hayatoshi. Kwa hiyo hubanwa. Katika kanuni iitwayo H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, picha hugawanywa katika miraba ya nukta 16 kwa 16. Msomaji wa habari ameketi. Ukuta ulio nyuma yake hausogei. Ya nini basi kuutuma mara 25 kila sekunde? Hutumwa mara moja, kisha zikafuata habari za badiliko tu: midomo, macho, mkono. Hata hizo hupunguzwa, yakaondolewa mambo ambayo jicho halitambui yakikosekana. Mchongaji wa Tabaka hulipunguza jiwe la sabuni mpaka ukamwona kiboko, wala humwulizi vumbi limekwenda wapi. Sasa niambie, ni neno gani katika maelezo haya lililokushinda?

Sisemi kwamba kila neno libuniwalo lafaa. Mengine huishi katika mitihani tu: mwanafunzi huandika tarakilishi kwenye karatasi, kisha akatoka nje akaomba kompyuta. Wala kukopa si aibu. Simu yenyewe ni neno tulilolipata kwa Waajemi, kwao likiwa na maana ya waya. Leo tunaitembeza mfukoni bila waya, na hakuna aliyelalamika. Ninachokipinga ni uvivu ujifanyao elimu: kumkaririsha kijana jina la kigeni na kumpa alama kwa kulikariri, pasipo kumwuliza kazi ya kitu chenyewe. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Rasmi kwa kazi gani, kama kinafukuzwa mlangoni mwa maabara?

Baadaye nilirudi kwa mama yule nikamweleza kwa maneno haya haya, nami nikamwomba radhi kwa yale ya katoni. Kisanduku anacho bado. Jioni nyingine mawimbi yakifika dhaifu, picha hukwama ikawa miraba miraba, naye huwaambia wajukuu wake waache kuipiga seti makofi, kwa maana habari za badiliko hazijafika.