Kujitolea Kusiwe Jina la Dhuluma



Wapendwa wanaparokia, juma hili nawaandikia juu ya barua moja niliyoitia sahihi na muhuri wa parokia kwa mkono wangu mwenyewe, na ambayo leo naijutia.

Mwezi Mei alinijia binti mmoja wa jumuiya zetu ndogondogo za upande wa Nangurukuru. Alikuwa amehitimu shahada ya uhasibu jijini Dar es Salaam, wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho. Alikuwa amepata nafasi ya mafunzo kazini katika ofisi moja ya Kilwa Masoko, miezi mitatu ya kipupwe, Juni hadi Agosti, na ofisi ilitaka barua ya utambulisho kutoka kwa kiongozi wa dini. Niliandika kwamba ni mwadilifu, ni mchapakazi, na yuko tayari kujitolea. Neno hilo la mwisho niliombwa niliweke. Sikuuliza kwa nini.

Mama yake ni mkulima wa ufuta. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku isingewezekana, hivyo walipanga chumba Masoko, na kodi yake ilikopwa kwa ahadi ya ufuta uliokuwa ungali ghalani ukingoja mnada. Juma la kwanza binti alichemsha chai na kudurufu karatasi. Juma la tatu mhasibu mmoja alikwenda likizo, naye akakabidhiwa vitabu vyake. Tangu hapo hadi mwisho aliandika hati za malipo, akalinganisha taarifa za benki na daftari la fedha, akabaki ofisini hadi magharibi kufunga hesabu za mwezi. Hakupewa hata nauli. Siku ya mwisho alipewa cheti chenye jina lake lililokosewa herufi, akaambiwa kwamba akipenda anaweza kuendelea kujitolea miezi mingine mitatu.

Hakuja kwangu kulalamika, ndugu zangu. Alikuja kuomba barua ya pili.

Haya nayaeleza kwa ruhusa yake. Ofisi siitaji, maana sikusudii kumshtaki mtu mmoja kwa kosa ambalo limekuwa desturi ya wengi.

Kujifunza kazini ni jambo jema na la kale. Hapa pwani fundi wa majahazi alikuwa na mwanagenzi wake. Mwanagenzi hakupata malipo ya fundi, lakini alikula chungu kimoja na mwalimu wake, alifundishwa kushika tezo na kutia kalafati, na siku alipoweza kuunda chombo aliitwa fundi. Serikali nayo ilitoa mwaka 2017 miongozo ya kitaifa ya uanagenzi na ya mafunzo kazini kwa wahitimu, kwa sababu ilitambua kwamba jambo hili likiachwa bila utaratibu litaharibika. Mafunzo yana mwalimu, yana mpango, na yana mwisho.

Kipimo, basi, ni rahisi. Tujiulize: kijana huyu asipofika kesho, ofisi itapungukiwa nini? Kama haitapungukiwa kitu, huyo ni mwanafunzi. Kama hesabu zitalala na wateja watarudishwa, huyo ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana ujira wake.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimekwisha kuyasikia.

Wanasema, “Anapata uzoefu.” Ni kweli. Daktari naye hupata uzoefu kwa kila mgonjwa anayemtibu, na dereva kwa kila safari ya Lindi. Sijamsikia mkubwa yeyote wa ofisi akikubali kukatwa mshahara kwa sababu mwaka huu amepata uzoefu mwingi.

Wanasema, “Hata sisi tulianza hivyo.” Wengi wa waliohitimu kabla ya miaka ya 1990 walipangiwa kazi na Serikali mara walipotoka chuoni. Na hata kama wengine waliteseka, tangu lini jeraha la baba likawa sheria ya kumjeruhi mwana?

Wanasema, “Hakuna bajeti.” Lakini posho ya kikao ipo, na maji ya chupa mezani yapo. Kinachokosekana ni nauli ya binti anayeandika hati za malipo ya posho hizo.

Wanasema mwisho, tena kwa upole, “Padre, kujitolea ni fadhila ya Kikristo.” Hapa ndipo ninapokasirika. Tulitazame neno lenyewe. Anayejitolea hujitoa yeye mwenyewe. Bwana wetu alijitoa. Hakuna aliyemnyang'anya uhai wake. Sadaka ni sadaka kwa kuwa mtoaji angeweza kukataa. Msichana ambaye hawezi kukataa, kwa sababu kila tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu, hajajitolea. Ametolewa. Kuchukua jina la sadaka na kulivika juu ya dhuluma ni kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Tena tutazame nani anayeweza kukaa miezi mitatu bila senti. Ni mtoto mwenye shangazi Masoko au mjomba Lindi mjini, mwenye baba wa kumtumia fedha. Akiwa chuoni, mwanafunzi mwenye mkopo husaidiwa na Bodi ya Mikopo gharama za mafunzo kwa vitendo. Akishahitimu hana msaada huo, bali ana deni, na siku atakapoajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kulilipa. Kwa hiyo uzoefu umekuwa bidhaa, na wanaoinunua ni wenye nacho. Tangu 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu hii, imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam. Ni aibu watoto wa Kilwa waliosoma kwa shida wakose nauli ya kufika kazini Kilwa.

Kanisa halikunyamaza juu ya hili. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali malipo duni kwa kusukumwa na shida, makubaliano hayo hayaifanyi dhuluma kuwa haki. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza kwamba alilichukua jina hilo akimkumbuka Papa huyo na suala la wafanyakazi. Katekisimu yetu inaweka kumdhulumu mfanyakazi ujira wake miongoni mwa dhambi zinazolia mbinguni. Na mwenye shamba la mizabibu, katika Injili ya Mathayo sura ya 20, aliwakuta watu wasio na kazi saa ya kumi na moja. Hakuwaambia waingie kwanza wapate uzoefu. Aliwalipa dinari nzima.

Nikiisha kusema hayo, nageuka kuitazama ofisi yangu. Yupo kijana anayetupigia chapa matangazo ya Dominika kila juma, na malipo yake yamekuwa neno moja: “Mungu atakulipa.” Mungu hulipa, lakini hakuahidi kulipa madeni yetu sisi. Nimekwisha kuiomba Kamati ya Fedha ya parokia kwamba kijana huyo alipwe, na tuanze mwezi huu.

Nanyi mlio wakuu wa ofisi, wenye maduka na wenye shule, nawasihi. Mkimpokea mhitimu, mwandikieni kwenye karatasi nani atamfundisha, atafundishwa nini, na mwisho ni lini. Mpeni nauli na chakula cha mchana. Na siku mnapomkabidhi kazi ya mwajiriwa, mlipeni.

Barua ya pili nimeiandika. Nimesema binti huyu yuko tayari kufanya kazi, na nimeiuliza ofisi itamlipa kiasi gani. Jibu bado halijaja. Mumwombee.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu