BASTOLA SI MAPAMBO, MHESHIMIWA!

Ndugu msomaji, umewaona vigogo wetu? Leo bastola kiunoni, kesho mfuko wa koti, keshokutwa chini ya kiti cha gari. Huo si ulinzi, ni ulimbukeni!

Wenye majina makubwa kuliko wao wameshaumbuka. Novemba 2008, Plaxico Burress, nyota wa futiboli ya Marekani, aliingia klabu ya usiku New York, bastola kaichomeka kiunoni bila ala. Ikateleza mguuni, akaidaka, ikalia! Risasi ikamtoboa paja lake mwenyewe. Mwaka 2009 akahukumiwa miaka miwili jela, kwani hata kibali halali hakuwa nacho.

Wewe unayemiliki kihalali, chagua njia moja na uishike: ala ngumu inayofunika triga, mkanda imara, mahali palepale kila siku, ili saa ya hatari mkono usipapase. Siku ya kunywa, bastola ibaki nyumbani, kabatini, chini ya kufuli.

Nasi walalahoi tunauliza: watoa vibali huwauliza vigogo wanabebaje silaha? Au kadi ya chama inatosha? Risasi ikiponyoka haiulizi kadi!