Dakika Tatu za Upande Mmoja

Upande mmoja wa santuri ya zamani, ile ya mizunguko 78, ulibeba dakika tatu na ushei. Wimbo wa taarabu uimbwapo harusini hauenei humo. Mtunzaji wa kwanza hata hajafungua pindo la kanga yake kutoa noti, sindano imeshafika katikati ya sahani. Ndiyo maana toleo hili, tulilowatengea wanamuziki wa asili wa Unguja, halina orodha ya nyimbo bora. Waandishi wetu tuliwatuma kwa wazee na maswali matatu tu: umepiga wapi, ulizipenda santuri za nani, na muziki ulikupeleka mpaka wapi.

Mchukue mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Akitajwa, kinachofuata ni Bombay, mwaka 1928, na sahani alizorekodi huko. Ni haki yake. Mtoto wa wafinyanzi wa Fumba kuvuka Bahari ya Hindi na wapigaji wake ili sauti yake iingie kwenye sahani, halikuwa jambo dogo. Lakini hebu tuhesabu. Siti alihamia mjini mwaka 1911. Kabla ya hapo alikuwa akitoka shamba na vyungu kichwani, akiita wanunuzi njiani. Toka alipohamia hadi Bombay ni miaka 17 ambayo hatuna sahani yake hata moja, na kwangu mimi hiyo ndiyo miaka yenye uzito. Ndimo alimojifunza kazi, ndimo alimokaa usiku kwa usiku na wanamuziki wenzake kina Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruk Effandi. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani ikapata Kiswahili cha watu wa mitaa ya Ng'ambo, pamoja na habari zao: mahakama, dhuluma, mapenzi, nani kamfanyia nani nini. Kampuni ya santuri haikumtengeneza Siti. Ilimkuta ameshaiva.

Sizidharau sahani. Zilirudi kwa meli, zikapigwa majumbani na mikahawani, na watu waliosikia gramafoni ikisema Kiswahili kama wasemavyo wao walijua kwamba kumetokea jambo. Bila sahani hizo leo tungekuwa tunasimuliwa tu juu ya koo lake. Ninachokataa ni kuzisikiliza peke yake. Nimewahi kukaa na mzee mmoja, mpigaji wa fidla, tukasikiliza upande mmoja wa sahani yake Siti mara nne. Kila ulipoisha aliendelea kuimba, taratibu, macho kayafumba, akamalizia beti ambazo sahani haikuzichukua. Kisha akanieleza ubeti upi ulirudiwa watunzaji walipozidi, na nani katika mtaa wao aliinuka kutunza ili jirani yake ajue kasemwa. Hayo yote ni sehemu ya wimbo. Fundi wa mitambo hakuwa na pa kuyaweka.

Na wapo ambao sahani haikuwapitia kabisa kwa miaka mingi. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu, binti wa muuza nazi wa Mfagimaringo, alizishika nyimbo za Siti kwa kusikiliza, akaziimba kwa namna yake mwenyewe: sauti nzito, isiyoomba ruhusa. Alivuka bara, akatembea peku, akarudi Unguja akawa somo wa wasichana katika unyago, ngoma kaipanda mwenyewe. Dunia ilipomtambua, na kumpa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, alikuwa bibi kizee. Magazeti mengi yaliandika kana kwamba ndiyo kwanza anaanza. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, kilichozikwa naye kilikuwa kikubwa kuliko yote aliyorekodi: mafunzo ya unyago hayakuwa ya kuwekwa hadharani, na njia alizopita hakuna aliyezichora.

Basi ndani ya kurasa hizi utakuta habari nyingi za nauli, za mialiko, za kulala ugenini. Utakuta kidumbaki, ambacho wengine bado hukiona kama mdogo wa taarabu: fidla moja, sanduku la uzi mmoja, ngoma mbili ndogo ziitwazo vidumbaki, vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa, na watu wanacheza mpaka alfajiri. Wapo wapigaji waheshimiwa wa vikundi vikubwa ambao watoto wao walikula kwa kidumbaki. Nimefurahi kwamba safari hii wamelisema wenyewe, bila kuona haya.

Nina ombi kwa wasomaji wenye sahani za wazee chini ya vitanda na juu ya makabati. Zinapasuka kwa kuanguka mara moja tu, na sindano ya chuma hula mifereji yake kila zipigwapo. Msianze kwa kuzipiga. Kaeni kwanza na bibi au babu aliyebaki, mwandike kwenye karatasi nani aliinunua sahani ile, ilipigwa katika harusi ya nani, na ni nani aliyekuwa akidai irudiwe.