Mkishuka Pwani Sikukuu, Chandarua Kibaki Kitandani

Ndugu mkulima, na wewe mwenye meza gulioni, Desemba inakaribia na najua wengi wenu mtashuka pwani. Mahindi yameuzwa, shule zimefungwa, shemeji yuko Pangani au Bagamoyo, na watoto wanataka kuiona bahari. Karibuni sana. Lakini kile chandarua cha zamani mnachokikunja chini ya begi "ili watoto wakavue dagaa kidogo", kitoeni. Leo nitagombana nanyi mpaka kitoke.

Kwanza, hao mnaowavua si dagaa. Dagaa ni samaki mzima aliyeumbwa mdogo. Anazaa akiwa na udogo wake huo huo, na wavuvi humfuata usiku kwa taa. Ndoo ya dagaa ukiitazama, wote wanafanana: wembamba, wanang'aa kama fedha. Sasa itazame ndoo ya chandarua. Mmoja ana mistari, mwingine ana madoa, mwingine ana miba mgongoni, humo humo kuna vikamba vya kupenyeza mwanga na ngisi wa ukubwa wa ukucha. Hao ni watoto wa changu, watoto wa tasi, watoto wa chewa. Wamekaa kwenye majani ya baharini na kwenye mizizi ya mikoko kwa sababu kina ni kifupi na samaki wakubwa hawawafikii kwa urahisi. Wewe unayefuga kuku, niambie: nani anaingia kwenye banda la vifaranga wa siku tatu akawazoa wote kwa ungo, kisha akasema leo tumepata kitoweo? Nani anang'oa mahindi yenye majani manne akayaita mavuno?

Nimeshajibiwa mara nyingi: "Afisa, ni mchezo wa watoto, tena wa siku moja." Siku moja ni kwa familia yako. Kesho ufukwe ule ule unapokea familia nyingine, na keshokutwa nyingine, kuanzia Krismasi mpaka Mwaka Mpya. Nyinyi mtapanda basi mrudi Handeni au Muheza. Shemeji atabaki hapo, na ada ya shule ya watoto wake inatoka kwenye changu ambao wanao mmewakaanga. Na usifikiri kwamba kwa kuwa amenyamaza ameridhika. Mgeni hakemewi mbele ya watoto wake, hiyo ndiyo heshima ya pwani. Mimi si mwenyeji wako, kwa hiyo nakemea.

Tena chandarua kile kimewekwa dawa ya kuua mbu. Dawa hizo ni sumu kali kwa samaki na kaa, ndiyo maana tunawaambia kila siku msizifulie mtoni wala ziwani. Ukikikokota kwenye maji mafupi na wanao wakishika ncha mbili, dawa iliyobaki inaingia pale pale walipo samaki wachanga. Wale waliopenya hawajapona.

Kuna sheria pia. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza kokoro, na chandarua kinachokokotwa mpaka mchangani ni kokoro kwa jina la nyumbani. Doria ikikukuta hapo, neno "mchezo" halitakusaidia sana. Tena wanaokwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo, kando ya Dar es Salaam, wafahamu kwamba hayo ni maeneo tengefu ya bahari. Huko hakuna kuvua kwa chombo chochote. Mnaogelea, mnakula, mnarudi.

Na wewe mfanyabiashara unayenunua ndoo hizo ufukweni, ukazianika na kuzipeleka bara kwa jina la "dagaa mchanganyiko", wewe ndiye unayenikasirisha kuliko wote. Mtoto anacheza, lakini wewe unajua. Changu yule yule akiachwa akue, angejaza sahani ya mtu mmoja na ungemuuza kwa kipande. Wewe unamuuza kwa kisado, pamoja na ndugu zake mia. Siku wanunuzi wakikuuliza mbona samaki wakubwa wamepanda bei, jiulize mwenyewe kwanza.

Basi wavue nini hao watoto? Wavue kwa mshipi. Sikatazi uvuvi, natoa mkate kwa hiyo kazi. Usidanganywe na fimbo za dukani zenye kigurudumu. Nunua uzi wa nailoni mita 30, ndoana ndogo tatu nne na chubwi moja. Chubwi ikikosekana, nati ya baiskeli inatosha. Zungushia uzi kwenye chupa tupu ya plastiki, umemaliza. Chambo kizuri kwa anayeanza ni kipande cha ngisi, kwa sababu ni kigumu na hakibanduki ovyo. Kamba naye ni mtamu, ila vikaa na visamaki vidogo humnyofoa haraka, na mtoto atakaa anavulia ndoana tupu.

Maji yakiwa yamekupwa, tembeeni ufukweni mtazame mchanga ulivyo. Mkiona mfereji au shimo karibu na majani au mawe, wekeni alama. Rudini maji yanapojaa, mrushe hapo hapo, maana samaki huingia na maji kutafuta chakula. Kabla ya kurusha, tazama nyuma. Ndoana inayoruka haichagui sikio la nani. Mtoto ashike uzi kwa kidole, asiufunge mkononi. Akija samaki mdogo kuliko kiganja cha mtu mzima, lowesha mkono kwanza, mtoe ndoana taratibu, mrudishe majini. Mtoto aliyerudisha samaki mmoja kwa mkono wake nimeona anakumbuka kuliko aliyesikia hotuba zangu kumi.

Mwezi ukiwa mpevu au mchanga ni bamvua: maji huenda mbali sana na hurudi kwa nguvu. Msikae kwenye fungu la mchanga mkisubiri samaki, maji yatawapita nyuma. Mkiingia majini, burutani miguu, msiinyanyue, ili taa aliyelala mchangani asikie na kuondoka. Tasi akinaswa, usimshike mwilini kwa mkono mtupu. Miba yake ina sumu hata akiwa amekufa. Aliyechomwa na tasi au taa aloweke sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha apelekwe zahanati.

Kabla ya yote hayo, siku ya kwanza mkifika, shemeji awapeleke kwa viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayolinda ufukwe. Waulizeni wapi panaruhusiwa kuvua na kama kuna kibali cha kulipia. Waonyesheni pia samaki wenu kabla ya kupika, hasa yule anayejijaza upepo akawa kama mpira. Huyo ni bunju. Sumu yake haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga, na haijali umemwosha kwa ndimu ngapi. Mrudisheni.