Maji Yanayopita Chini ya Milima
Pango la Melissani, kisiwani Kefalonia, Ugiriki, husifiwa kwa rangi ya ziwa lake: jua la adhuhuri huingia kupitia paa lililoporomoka, na mashua huonekana kama inaelea hewani. Haya, picha zipigwe. Kinachonivuta mimi ni safari ya maji yenyewe. Karibu na Argostoli, upande wa pili wa kisiwa, mashimo ya ufukweni huimeza bahari mchana kutwa. Huenda wapi? Mwaka 1963 wataalamu kutoka Austria walimwaga rangi humo. Wiki mbili hivi baadaye ikaibuka Melissani, imeshapita chini ya milima. Ndiyo maana ziwa lina chumvichumvi. Wapiga makasia, kwa nyimbo na utani wao, hawakupi nafasi ya kuyawaza hayo, na mzunguko wenyewe ni wa dakika chache tu.