Nia Njema Haitoshi Kwenye Salamu za Harusi

Tumeaminishana kwamba katika salamu za harusi kilicho muhimu ni nia, na kwamba maneno yenyewe hayana uzito mradi yasikike matamu. Imani hiyo imeenea kutoka Kendu Bay hadi Isebania, na ushahidi wake umo kwenye simu zetu. Kamati ya harusi ikishafungua kundi la WhatsApp, siku yenyewe ikifika mtu mmoja hutangulia: "Hongera sana, Mungu aibariki ndoa yenu, mzae matunda mema, mpendane mpaka kifo kiwatenganishe." Anayemfuata ananakili na kubandika. Wa tatu anaongeza maua na makofi. Kufikia saa kumi jioni maharusi wamepokea maneno yaleyale makumi ya mara, na kosa la tahajia la mwandishi wa kwanza limo katika jumbe zote. Ujumbe huo unaweza kumwendea bwana harusi na bibi harusi yeyote, popote walipo, leo au mwakani. Mimi nashikilia kwamba hiyo si heri. Heri ya ndoa ni ushahidi: mtu anajitokeza kwa jina lake, anasema anachokijua kuhusu hawa wawili, na anajifunga kwa jambo fulani. Yasipokuwepo hayo, nia njema hubaki kifuani mwa mwenye nayo na maharusi hawapati chochote.

Watu wa iliyokuwa Nyanza Kusini, yaani Homa Bay na Migori za leo, hawana sababu ya kuikubali imani hii, maana desturi zao wenyewe zinaikana. Chukua pakruok, desturi ya Waluo ya kujisifu na kuwasifu wenzako katikati ya muziki wa nyatiti au ohangla. Anayetaka kusema hutoa pesa, muziki husimama, naye hupewa uwanja. Hujitaja yeye ni nani, mwana wa nani, wa wapi, kisha humtaja anayemsifu kwa majina ya sifa yanayomfaa huyo na si mwingine. Wasikilizaji wanamjua anayesifiwa, kwa hiyo sifa isiyomhusu inagunduliwa papo hapo. Msemaji amejitaja, amelipa, na amesema jambo ambalo waliohudhuria wanaweza kulipima. Ni kweli pakruok ina chumvi nyingi na wapo wanaoitumia kujitangaza, lakini hata chumvi hiyo inamhusu mtu anayejulikana. Jagam, mshenga wa Kiluo, alibeba mzigo mzito zaidi. Ndiye aliyepeleka habari za ukoo mmoja kwa mwingine, akaeleza kijana ni mchapakazi wa namna gani na kwao wanaishije, na ndoa ikiyumba ndiye aliyetafutwa kwanza. Alichagua maneno kwa sababu yangeweza kumrudia. Na siku ya ayie, upande wa mume unapokwenda kumpa mama wa binti fedha za ridhaa yake, hakuna anayesema yatosha mama awe ameridhika moyoni. Ridhaa hiyo hutakiwa itolewe na ipokelewe mbele ya pande zote mbili. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inafuata mantiki hiyohiyo inapodai mashahidi wawili kwenye kufunga ndoa.

Atatokea wa kuniambia kwamba hayo ni ya lugha ya mama. Kwamba kwa watu wa huku Kiswahili ni lugha ya shule na mikutano, ndiyo sababu tukikitumia harusini tunasema ya kukariri. Hoja hii haifai kupuuzwa, hasa Migori, kaunti ambayo Waluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya na wengine wanaoana kila mwaka. Bibi harusi akitoka Kehancha na bwana harusi akitoka Awendo, wazee wa pande mbili hukutana kwenye Kiswahili. Kama Kiswahili chao ni cha kukariri, basi koo hizo mbili zimekula pamoja na kuagana bila kuambiana kitu. Lakini kosa hilo si la lugha. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi wa Kiswahili huko Lamu mwaka 1858, alimwandikia mtu mmoja anayemfahamu, aliyekuwa na maisha ya unyumba mbele yake, na akamwachia mawaidha yaliyotoka kwa mama mgonjwa. Unaweza kuyakataa aliyoyasema kuhusu utiifu wa mke, nami nayakataa mengi. Huwezi kusema hakujua anazungumza na nani. Karibu nasi zaidi, kabla ya simu za mkononi, wasikilizaji wa redio ya taifa walinunua kadi za salamu, wakajaza jina lao na mahali walipo, kisha wakawataja wanaowasalimu mmoja baada ya mwingine pamoja na makao yao. Kadi ilikuwa na nafasi ndogo, na bado watu waliitumia nafasi hiyo kutajana kwa majina.

Kinachonisukuma kuandika ni kwamba maneno ya jumla hayaishii kuwa matupu. Yanaumiza. "Mwakani tukutane kwenye ubatizo" husemwa kwa furaha, na aliyesema huisahau kabla ya sahani kuondolewa, ila aliyetajwa haisahau. Mwaka ukipita bila mimba, anayetazamwa kwa jicho baya ni mwanamke, hata kama hakuna aliyepimwa. Umati mzima umemwekea tarehe, na hakuna hata mmoja katika umati huo atakayekwenda naye kliniki. Au lichukue hilo la "mpaka kifo kiwatenganishe." Katika desturi ya Waluo kifo cha mume hakikati ndoa. Mjane huendelea kuhesabiwa mke wa marehemu, na hapo ndipo panapoingia ter, desturi ya mjane kurithiwa. Homa Bay inalijua jambo hili kwa machungu, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa kaunti hiyo wanaishi na virusi vya Ukimwi, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Janga hilo liliacha wajane wengi, na miongoni mwao wapo walioshurutishwa kurithiwa na wapo walionyang'anywa shamba. Shemeji anayenakili "mpaka kifo kiwatenganishe" amepita pembeni kabisa mwa jambo ambalo yeye ndiye mwenye uwezo nalo. Anayesimama mbele ya ukoo akasema, "Huyu ni mwenye boma hili, na mipaka ya shamba lake naijua," amempa bibi harusi kitu cha kushika, na hakuhitaji kutaja msiba wala kuleta mkosi kwenye sherehe. Siku ya ubishi, waliosikia watamkumbusha.

Najua pingamizi zilizobaki. Ya kwanza ni kwamba si kila mtu ana kipaji cha kusema. Hiyo ni sababu ya kuacha maneno makubwa. Mvuvi wa omena wa Sindo anayeandika, "Mwaka ule nyavu zangu zilipoibwa, bwana harusi alinipa zake wiki mbili bila kunidai," hajatumia kipaji chochote, na amemweleza bibi harusi kuhusu mumewe jambo ambalo ubeti wa kuazima hauwezi kumweleza. Ya pili ni nzito zaidi. Wazee wetu pia hubariki kwa maneno yaleyale kila mara, na msikitini na kanisani dua ni zilezile. Mbona hizo zinakubalika? Zinakubalika kwa sababu aliyesema yupo, anajulikana, na ana cheo kinachomfunga. Mzee anayebariki kwa maneno ya babu yake ndiye ambaye maharusi watamgongea mlango wakikosana. Maneno yake ni ya kurithi, dhamana ni yake mwenyewe. Anayesambaza ujumbe kutoka simu moja kwenda nyingine amechukua maneno na kuiacha dhamana. Ya tatu ni kwamba kusema mambo mahususi hadharani kunaweza kuwaaibisha watu. Kunaweza, kwa hiyo chagua. Madeni, wapenzi wa zamani na magonjwa havina nafasi kwenye kipaza sauti, na hilo kila mwenye adabu analijua bila kuandikiwa.

Kuhusu walio mbali, Nairobi au Doha, wanaotuma mchango kwa M-Pesa pamoja na mstari mmoja wa pongezi, sina ugomvi na mchango. Pesa hujenga, na kwa familia inayongoja malipo ya miwa inayochukua zaidi ya mwaka shambani, mchango ni msaada wa kweli. Nakataa tu wazo kwamba pesa zimeshasema kila kitu. Aliye mbali ndiye hasa anayehitaji maneno yake mwenyewe, kwa sababu uso wake hautaonekana hemani na mkono wake hautashikwa.

Basi harusi ijayo Rongo, Mbita au Oyugis, usinakili. Andika jina lako na unavyohusiana nao. Andika jambo moja ulilomwona mmoja wao akilifanya, hata likiwa dogo. Kisha andika jambo moja utakalowafanyia, lililo ndani ya uwezo wako: kuwapa mbegu msimu wa kwanza, kuwapokea wakija kliniki mjini, kumsikiliza dada yako hata akisema usichotaka kusikia. Ikiwa huwajui kiasi cha kuandika hayo, waandikie "Hongera" moja, safi, uweke jina lako chini yake. Na ninyi washereheshaji, mkipewa simu yenye jumbe hamsini zinazofanana, someni zile mbili au tatu zilizoandikwa na mtu, na zilizobaki tajeni majina ya waliozituma.