Anayetaka Kwenda Kigali Apitie Kwanza Daraja la Tshopo

Desemba 18, 2023, siku ya mwisho ya kampeni, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo aliwaambia wafuasi wake mjini Kinshasa kwamba wakimrudisha madarakani, uchokozi mdogo tu wa adui utatosha: ataliita Bunge, ataomba idhini ya kutangaza vita dhidi ya Rwanda, na jeshi litatembea mpaka Kigali. Siku kumi nyuma, akiwa Bukavu, alimfananisha Rais Paul Kagame wa Rwanda na Adolf Hitler na kuahidi kuwa mwisho wao utakuwa mmoja. Watu walishangilia. Desemba 20 kura zikapigwa, naye akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73. Wenyeji wa Rutshuru na Masisi, mashariki mwa nchi, ambao ndio waliokuwa wakilala na kuamka na vita hivyo, hawakupiga kura. Kwao hakukuwa na usalama wa kufungua vituo.

Kigali hakufika mtu.

Januari 2025 waasi wa M23, wanaosaidiwa na Rwanda, waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu, mji uleule uliopewa ahadi ya Hitler. Machi 18 Tshisekedi na Kagame walikaa chumba kimoja huko Doha, wageni wa Emir wa Qatar. Julai 19, hukohuko Doha, wajumbe wa Kinshasa walitia sahihi azimio la kanuni na M23, kundi ambalo serikali ileile ililitangaza kuwa la kigaidi mwaka 2022 na kulifungia mlango wa mazungumzo ya Nairobi. Kuzungumza si kosa, na mwenye akili hatawalaumu waliozungumza. La kuulizwa ni hili: kama safari ilikuwa ya Doha, kwa nini watu walikatiwa tiketi ya Kigali?

Watu wa Boyoma, kama Kisangani inavyoitwa na wenyewe, wana haki ya kuuliza kuliko wengi. Tarehe 5 hadi 10 Juni, 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji wao. Waganda walikuwa upande wa kaskazini wa mto Tshopo, Wanyarwanda wakiwa mjini, na daraja likawa katikati. Makombora zaidi ya 6,000 yalipita juu ya mapaa ya mabati. Familia zililala sakafuni siku sita, maji hakuna, umeme hakuna, na hospitali nayo gizani. Waliokufa ni mamia, wengine wakazikwa uani mwa nyumba zao. Leo kijana wa toleka akimpakia abiria nyuma ya baiskeli yake na kulivuka daraja hilo kwa miguu miwili ya nguvu, mzee aliyempakia huenda anakumbuka siku ambayo hata mbwa hakulivuka.

Na majeshi yale hayakuingia Kongo yakisema yamefuata almasi. Rwanda ilisema inawafuata Interahamwe, wanamgambo wa mauaji ya kimbari. Uganda ilisema inawafuata waasi wake wa ADF. Jina la adui lilikuwa pasi ya kuvukia mpaka. Kufika Kisangani, washirika wale wawili wakageuziana mizinga kwa ajili ya mji na utajiri wake. Basi kila anayepanda jukwaani na jina la adui mdomoni asikilizwe kwa masikio mawili.

ADF hao bado wapo, tena wameungana na Islamic State, na unyama wao haufichiki. Januari 15, 2023 bomu liliwaua waumini kanisani Kasindi. Julai 2025 watu zaidi ya arobaini waliuawa Komanda, wengi wao wakiwa katika mkesha wa ibada. Hasira ya wafiwa ni halali. Lakini mwanasiasa anayetaka kura huitwaa hasira hiyo, akalitamka neno gaidi kwa namna inayomfanya kila mwenye kanzu ageuziwe macho. Asichokisema ni kwamba Mei 1, 2021, Sheikh Ali Amini, imamu wa msikiti mkuu wa Beni, alipigwa risasi akiwa katika sala, yeye aliyekuwa akiwapinga hadharani wenye siasa kali. Wala Uislamu Kisangani si mgeni wa jana. Mfanyabiashara Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1887, na Kiswahili ambacho padri, mchungaji na muuza mihogo wanakitumia mjini kilishuka mto pamoja na wafanyabiashara wa Kiislamu.

Mchezo huu hata wakubwa wa dunia wanaucheza. Mwaka 2007 Tom Tancredo, akiutaka urais wa Marekani, alisema tishio la kupiga mabomu Makka na Madina ndilo litakalowazuia magaidi. Huyo kura hazikumfikisha popote. Desemba 2015 Donald Trump alitaka Waislamu wafungiwe milango ya Marekani. Wengi waliona ni maneno ya kampeni tu. Januari 2017 amri ikatoka, na Wasomali waliokuwa tayari wana viza wakarudishwa kutoka viwanja vya ndege.

Kwa hiyo wapiga kura wa Kisangani, kampeni zikirudi, wasiridhike na ngoma. Mgombea akisema vita, aulizwe askari wake wanalipwa kiasi gani na kama mshahara unawafikia. Aulizwe majeruhi watalazwa wapi, wakimbizi watakula nini. Maaskofu, wachungaji na maimamu nao wasimpe kipaza sauti kabla hajajibu.

Tena aulizwe habari za fidia ya vita. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda, Februari 9, 2022, ilipe dola milioni 325, na awamu ya kwanza ya milioni 65 ilitoka mwaka huohuo, miaka 22 baada ya makombora. Mfuko wa kuzigawa, FRIVAO, uko Kisangani. Constant Mutamba, aliyegombea urais mwaka 2023, akawa waziri wa sheria, na Machi 2025 akatangaza zawadi ya dola milioni 5 kwa atakayesaidia viongozi wa waasi wakamatwe. Septemba mwaka huo Mahakama ya Kasasyon ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu kwa shauri la dola karibu milioni 20, ambazo mwenyewe alisema ni za kujenga gereza Kisangani. Fedha hizo zilitoka katika malipo ya wahanga wa vita.